Skrini ya Kabati la Michezo: Anza na Kimo cha Picha

Swali: Habari yako, fundi. Nina kinyozi hapa Umoja na nataka kutengeneza kabati la michezo ya zamani, lile la kusimama, la wachezaji wawili, ili wateja wasichoke kungoja zamu. Sitalipisha mtu. Seremala ameshapata MDF, na Raspberry Pi 4, ile kompyuta ndogo ya kuendeshea michezo, ninayo. Michezo ninayoitaka hasa ni Street Fighter II, Metal Slug na Pac-Man. Sasa nimekwama kwenye skrini. Kuna TV mpya ya inchi 32, monita ya ofisi ya inchi 24, monita ya mraba ya inchi 19, na TV ya zamani yenye kichogo ambayo mzee wangu haitumii tena. Bajeti ya skrini isizidi elfu kumi na tano. Nichukue ipi?

Jibu: Ndugu yangu, chukua monita ya ofisi ya inchi 24, lakini si yoyote. Iwe ya pikseli (nukta za picha) 1920 kwa 1200, si 1920 kwa 1080, na paneli yake iwe IPS, aina ambayo rangi hazibadiliki sana ukiitazama kutoka kando au chini. Na seremala asikate ubao hata mmoja kabla monita haijafika mikononi mwako ukaipima kwa tepu. Hapa chini nakueleza sababu, kisha namna ya kuikagua dukani usije ukauziwa mbuzi kwenye gunia.

Tuanze na umbo la picha, maana hapo ndipo wengi hupotea. Michezo yote mitatu uliyoitaja ilichorwa kwa skrini za uwiano wa 4 kwa 3, kama zilivyokuwa televisheni za wakati huo. Street Fighter II ya Capcom, mwaka 1991, huchora picha ya pikseli 384 kwa 224. Metal Slug ya 1996, ya mashine za Neo Geo, ni 320 kwa 224. Pac-Man ya Namco, 1980, ilitumia skrini ya aina hiyo hiyo ila imesimamishwa wima: pikseli 224 kwa upana na 288 kwenda juu. Skrini nyingi za leo ni pana zaidi, 16 kwa 9, kwa hiyo una njia mbili tu: uiache picha na umbo lake, pande mbili zibaki nyeusi, au uivute mpaka ijaze kioo. Usiivute. Street Fighter ikivutwa, kila kitu kinanenepa kwa theluthi nzima. Pac-Man ndiye anayeumia zaidi, kwa kuwa picha yake ni ya wima. Lile duara linakuwa yai lililolala.

Ukishakubali kwamba pande zitabaki nyeusi, utaona kwamba inchi anazokutajia muuzaji hazikusaidii sana. Hizo inchi ni kipimo cha pembe hadi pembe, na sehemu kubwa yake ni upana ambao hutautumia. Unachonunua wewe ni kimo. Monita ya inchi 24 yenye uwiano wa 16 kwa 9 ina kimo cha sentimita 29.9. Ile ya 1920 kwa 1200, ambayo uwiano wake ni 16 kwa 10, ina sentimita 32.3. Muuzaji atakwambia, "Bosi, zote ni inchi 24," na atakuwa anasema kweli, lakini picha ya 4 kwa 3 kwenye ya kwanza ni sawa na skrini ya inchi 19.6, na kwenye ya pili ni sawa na ya inchi 21.2. Pac-Man ya kusimama ilitoka kiwandani na skrini ya inchi 19, kwa hiyo kwa michezo ya mlalo huko ni kukaa pazuri kabisa.

Sasa tuje kwenye hiyo namba 1200, ambayo ndiyo hasa iliyonifanya nikuchagulie monita hii.

Mchezo wa mistari 224, yaani safu 224 za pikseli kwenda juu, ukiuonyesha kwenye skrini ya mistari 1080, kila mstari wa mchezo unatakiwa uchorwe kwa mistari 4.82 ya skrini. Skrini haiwezi kuchora sehemu ya mstari. Kwa hiyo mistari mingi ya mchezo inapata mitano na michache inapata minne, au emuleta (programu inayoiga mashine ya zamani) inalainisha tofauti hiyo na picha yote inakuwa na ukungu. Picha ikiwa imetulia huenda usione kitu. Mwambie mchezaji wa Metal Slug aruke, mandhari yapande na kushuka, halafu uangalie maandishi na kingo za matofali: yanachezacheza kana kwamba yana mawimbi. Ukishaona mara moja, hutaacha kuona.

Dawa yake ni kukuza picha kwa namba kamili, na emuleta nyingi zina mpangilio wa kufanya hivyo. Kwenye mistari 1080, namba kamili kubwa inayoingia ni 4. Mara 224, unapata 896. Mistari 184 inabaki mitupu, na picha ya Street Fighter inashuka hadi kimo cha sentimita 24.8. Kwenye 1200, namba 5 inaingia: 1120, na juu na chini panabaki kama sentimita moja moja tu. Kimo cha picha ni sentimita 30.1. Kwa Pac-Man tofauti ni kubwa zaidi. Mistari 288 mara 3 ni 864, yaani sentimita 23.9 kwenye monita ya 1080. Mara 4 ni 1152, ambayo 1080 haiwezi kuibeba lakini 1200 inaibeba, na unapata sentimita 31. Sentimita saba zaidi, kwa monita mbili zinazouzwa kwa jina moja la inchi 24! Kwa upande wa upana hesabu haigawanyiki vizuri hivyo, kwa sababu pikseli za michezo hii hazikuwa mraba kamili, lakini ulainishaji kidogo wa upana macho hayaushtukii sana.

Ile TV ya inchi 32 naelewa kwa nini inakuvutia. Inaonekana kutoka mlangoni na ni mpya. Lakini TV nyingi za bei nafuu za saizi hiyo zina pikseli 1366 kwa 768 tu. Hata kama ungeweza kuipelekea picha moja kwa moja kwa mistari hiyo 768, Pac-Man angekuzwa mara 2 tu, na angetoka na kimo cha sentimita 29.8, mdogo kuliko kwenye monita ya inchi 24 niliyokuambia. Na kwa kawaida huwezi, kwa kuwa TV hizo hupokea mistari 720 au 1080 kupitia waya wa HDMI kisha huikuza au kuipunguza picha zenyewe, na isitoshe, baadhi hukata kingo za picha. Ongeza upana: kioo peke yake ni sentimita 71, kwa hiyo kabati litakaribia sentimita 80. Kwenye kinyozi, hiyo ni nafasi ya kiti cha mteja.

Tatizo la TV linaloudhi kuliko yote, hata hivyo, halionekani kwa macho. TV huichakata picha kabla ya kuionyesha: inanoa, inaongeza rangi, inalainisha mwendo. Kazi hiyo inachukua muda, na muda huo unaingia kati ya kidole na skrini. Mchezo unaotoa picha 60 kwa sekunde hutumia milisekunde 16.7 kwa kila picha. TV ikichelewa picha tatu au nne, anayecheza Street Fighter atabonyeza kuzuia teke na litampata. Hatasema skrini inachelewa. Atasema vifungo vyako vimeharibika. TV zenye hali ya michezo kwenye menyu hupunguza uchelewaji huo, nyingine kwa kiasi kizuri sana, lakini usiamini neno la menyu bila kupima. Na ile "1 ms" au "5 ms" iliyoandikwa kwenye boksi ni kitu kingine kabisa. Hiyo ni kasi ya pikseli kubadilika rangi, haikuambii picha ilikaa muda gani ndani ya TV kabla ya kutoka.

Kupima ni rahisi. Nenda dukani na laptopu na simu yenye kurekodi video ya mwendo wa polepole wa fremu 240 kwa sekunde. Unganisha laptopu na skrini unayotaka kununua, weka picha ile ile ionekane pande zote mbili, fungua saa inayoonyesha milisekunde, kisha rekodi skrini zote mbili kwa pamoja. Icheze video fremu kwa fremu. Kila fremu ni kama milisekunde 4. Skrini ya dukani ikiwa nyuma ya laptopu kwa fremu moja au mbili, hakuna mchezaji atakayelalamika. Ikifika nane, hizo ni picha mbili nzima za mchezo, mrudishie. Monita za ofisi kwa kawaida hupita mtihani huu bila shida kwa sababu haziichezei picha sana.

Ile monita ya mraba ya inchi 19 usiidharau. Pikseli zake huwa 1280 kwa 1024, uwiano wa 5 kwa 4, na namba 4 inaingia vizuri: Street Fighter inapata kimo cha sentimita 26.3, zaidi ya inavyopata kwenye monita ya inchi 24 ya 1080. Ukikosa ya 1200 ndani ya bajeti yako, basi hii ndiyo chaguo langu la pili, hata mbele ya monita pana mpya. Kasoro yake ni paneli. Nyingi za rika hilo ni za aina iitwayo TN, na TN ukiitazama kutoka chini inafifia, rangi za giza zinageuka kama picha ya negativu. Mtu mzima aliyesimama mbele yake haoni tatizo. Mtoto wa gredi ya tatu aliyemsindikiza baba kunyolewa ataona vivuli. Ndiyo maana nasisitiza IPS: kwenye kabati la watu wawili hakuna anayesimama katikati, na kimo cha wateja wako hakilingani.

TV yenye kichogo nitaisema kwa heshima, kwa sababu kwa uzuri wa picha hakuna kinachoishinda. Michezo hii ilichorwa kwa skrini za mrija wa kioo kama ule uliomo ndani ya hicho kichogo, na tangu matangazo ya analogi yazimwe Kenya mwaka 2015 zimekuwa zikitupwa tu. Lakini nyingi za hapa zina tundu la AV la rangi ya njano peke yake, ambalo huchanganya rangi na mwanga kwenye waya mmoja na kutoa picha yenye uchafu kwenye kingo. Zilizotoka Ulaya zikiwa na soketi ya SCART zinaweza kupokea rangi tatu kando kando, na hizo ni nzuri kweli kweli, ila Raspberry Pi itahitaji kifaa cha ziada. Kuna na suala la Hz, yaani idadi ya picha kwa sekunde: TV isiyokubali picha ya 60 itakulazimisha utumie 50, na mwendo wa mchezo utakuwa wa kudundadunda. Halafu uzito, na kina cha kabati. Jambo moja nakuomba sana: seremala asiifungue ili kuipunguza ukubwa. Mrija huo hutumia zaidi ya volti 20,000, na chaji inaweza kubaki ndani hata baada ya kuchomoa plagi. Iache nyumbani kwa mzee.

Turudi kwenye ununuzi. Monita za 1920 kwa 1200 ni nadra kuzikuta mpya kwa bei yako, lakini zilinunuliwa sana na ofisi za ng'ambo, na ndizo zinazoingia hapa kama ex-UK. Zunguka Luthuli na maduka ya kompyuta ya Moi Avenue ukitaja namba, si maelezo. Dell U2412M ni mojawapo, HP Z24i nyingine. Zote mbili ni inchi 24, 1920 kwa 1200, IPS. Soma stika ya nyuma mwenyewe, kwa sababu rafu huwa zimechanganyika na za 1080 na fremu zake zinafanana. Pale pale dukani ichomeke laptopu uone kwenye mipangilio kama inakubali 1200.

Iwake angalau dakika ishirini wakati mnaongea bei. Fungua picha nyeupe tupu: tafuta rangi ya manjano kwenye pembe, doa la giza, alama ya kubonyezwa. Kisha nyeusi tupu, na umwombe azime taa au uikinge kwa koti. Pikseli iliyokwama itang'aa kama nukta ya kijani au nyekundu. Weka rangi nyekundu, kijani, bluu, moja moja. Chuchumaa uitazame kutoka chini, halafu simama kando. Bonyeza kila kitufe cha fremu. Usipuuze vitufe, maana ndani ya kabati hutavifikia kwa urahisi, na kitufe kinachokwama kinaweza kuibadilisha mipangilio au kuizima monita ukiwa katikati ya kunyoa.

Kisha fanya jaribio ambalo kwa Nairobi mimi siliachi: monita ikiwa inawaka na laptopu imechomekwa, zima swichi ya ukutani, hesabu mpaka kumi, washa tena. Irudi yenyewe na picha. Stima itapotea na kurudi mara nyingi, na hutaki kufungua kabati kila mara ili ubonyeze kitufe. Monita nyingi hupita. TV nyingi hurudi zikiwa zimelala zikingoja rimoti. Tenga kiasi kwenye bajeti kwa kile kifaa cha kulinda TV dhidi ya stima inayopanda na kushuka. Kinasubiri kidogo kabla ya kurudisha umeme, na hilo linasaidia kuilinda pia kadi ya kumbukumbu ya Raspberry Pi.

U2412M haina HDMI. Ina matundu mengine ya picha: DVI, VGA na DisplayPort. Usibabaike: nunua kebo ya HDMI kwenda DVI, ya kawaida isiyo na kibadilishaji, na picha itapita bila kupoteza chochote. Upande wa Raspberry Pi 4 utahitaji micro-HDMI, plagi ndogo kuliko ya kawaida. Sauti haitapita kwenye DVI, kwa hiyo itoe kwenye tundu la vipokea sauti la Pi uipeleke kwa spika. VGA iache, itakulazimu kununua kibadilishaji cha picha cha kielektroniki, na picha yenyewe iwe dhaifu zaidi.

Mtu akikushauri utafute monita ya 144 Hz, kwa michezo yako mitatu huihitaji. Yote inazunguka karibu sana na 60. Ukija kuongeza Mortal Kombat ya 1992, hiyo huenda kwa karibu 54.7, na kwenye monita ya 60 utaona mtikisiko mdogo mandhari yanapopita.

Kuhusu chumba chenyewe. Kinyozi kina vioo pande zote na taa nyeupe juu, na skrini inayolala nyuma huelekea dari. Ukiilaza sana, mchezaji atatazama mwanga wa taa badala ya Ken wa Street Fighter. Uso wa monita za ofisi hautoi mng'ao mkali, na hiyo ni faida ambayo utaipoteza ukifunika kwa pleksiglasi, ile plastiki ngumu kama kioo. Kwa kuwa vidole vya watu na povu la kunyolea vipo, kinga unaihitaji, basi iwe ya aina isiyong'aa, au kipande cha juu cha kabati chenye jina la mchezo kijitokeze mbele kikinge taa. Kaa kwenye kiti kirefu mbele ya ubao wa majaribio ukiwa na monita imeegemezwa, uone mwanga unaanguka wapi, kabla pembe haijakatwa. Na nywele! Nywele fupi za mashine zinaelea na kuingia kila mahali. Matundu ya hewa yaweke nyuma, chini na juu, si ya kuelekea viti vya kunyolea, na uyafunike kwa wavu wa madirishani unaotoka kwa urahisi ili uusafishe.

Usiivue monita fremu yake. Nyuma ina matundu manne ya skrubu yaliyoachana milimita 100 kila upande; skrubu zake ni M4. Seremala aweke ubao wa kukingama kati ya mbavu mbili za kabati, autoboe kwa kipimo hicho, na monita ifungwe hapo. Ubao huo uweze kusogezwa mbele na nyuma kidogo, ili uso wa monita uguse kinga bila kubanwa.

Mwisho ni tundu la mbele. Picha yako kubwa kuliko zote itakuwa ndani ya sentimita 43.1 kwa 32.3, na kila upande patabaki ukanda mweusi wa sentimita 4.3. Watu hupenda kuufunika kwa MDF moja kwa moja. Mimi ningemwambia seremala aache tundu la kioo chote, sentimita 51.7 kwa 32.3, halafu kanda za pembeni uzifunike kwa kadibodi nyeusi iliyobandikwa nyuma ya kinga. Siku mteja akikuomba mchezo wa skrini pana, unabandua kadibodi.